Vikokotoo vya umbali wa ndege: kilomita zichukue, dakika ziache

Andika "Mbeya" upande mmoja na "Iringa" upande wa pili kwenye kikokotoo cha umbali wa ndege, na jibu linatoka papo hapo. Kimoja kitasema dakika 23. Kingine kitasema dakika 53. Cha tatu kitachora ndege nyeupe ikiteleza juu ya Usangu, kisha kitakutajia hata kiasi cha hewa ukaa utakachozalisha kwa safari ambayo pengine haina ndege. Neno lenyewe "kikokotoo" limeshawachosha wastaafu wetu. Hiki cha leo hakihusu mafao, ingawa nacho kinajua kumpa mtu namba ya kumvunja moyo.

Tathmini hii inahusu huduma hizo za bure za mtandaoni, zikipimwa kwa viwanja vya Nyanda za Juu Kusini: Songwe ya Mbeya, Nduli ya Iringa, Songea, na kidogo Sumbawanga na Njombe. Kwa kilomita zinastahili 9 kati ya 10, mradi ujue kuziuliza. Kwa muda wa safari tunazipa 3, na hizo 3 zimeokolewa na njia ya Songwe hadi Dar es Salaam peke yake.

Kilomita

Kila kikokotoo kinafanya kazi moja tu: kinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, kisha kinapima njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Vingine huichukulia dunia kama tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, vingine hutumia umbo lake halisi lililobonyea kidogo kwenye ncha. Kwa masafa ya huku kwetu, tofauti ya mbinu hizo mbili haifiki kilomita mbili. Kwa hiyo vikokotoo viwili vikikupa majibu yanayopishana kwa kilomita 20, usilaumu hesabu. Vimepima kutoka mahali tofauti.

Kwa kilomita za mstari ulionyooka, majibu sahihi ni haya kwa kukadiria: Songwe–Iringa 306, Songwe–Songea 320, Iringa–Songea 334, Songwe–Sumbawanga 212. Kwenda Dar es Salaam, kutoka Songwe ni 692, kutoka Iringa 391, kutoka Songea 580.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa kuliko yote, nalo ni la Mbeya. Hadi mwaka 2012 ndege zilikuwa zikitua kwenye uwanja wa zamani ulio ndani ya mji. Desemba mwaka huo Songwe ikafunguliwa, kilomita 20 hivi upande wa magharibi, na herufi tatu za tiketi, MBI, zikahamia huko. Hifadhidata nyingi za mtandaoni hazikuhama nazo. Zinakuandikia MBI, zinakuandikia hata jina la Songwe, lakini alama iliyo chini yake bado imesimama kwenye uwanja wa zamani.

Kukigundua kikokotoo cha namna hiyo ni rahisi. Kiulize Mbeya–Iringa. Kikijibu karibu na 306, kinaijua Songwe. Kikijibu karibu na 287, bado kiko mjini. Kwa Dar es Salaam, Songwe inatoa 692 na uwanja wa zamani 672. Kwa Sumbawanga kosa linageuka upande: badala ya 212 utapewa 231, kwa sababu uwanja wa zamani uko mashariki zaidi. Dawa ni kuacha herufi tatu za tiketi na kutumia herufi nne za marubani. Songwe ni HTGW, uwanja wa zamani ni HTMB, Iringa HTIR, Songea HTSO, Sumbawanga HTSU, Njombe HTNJ, Dar es Salaam HTDA. Herufi nne hazikuhamishwa. Kila uwanja una zake.

Kosa la pili ni kuchagua mji badala ya uwanja. Vikokotoo vingi vina orodha ya miji na orodha ya viwanja kwenye kisanduku kimoja, na mji ndio unaojitokeza kwanza. Kutoka katikati ya Mbeya hadi katikati ya Iringa ni kilomita 277 hivi, siyo 306, kwa sababu Songwe iko magharibi ya jiji na Nduli iko kilomita 12 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Iringa. Yaani viwanja vyenyewe vimekimbiana. Kilomita 29 si haba pale unapolipia ndege ya kukodi kwa saa.

Na ukiandika "Songwe", angalia umepewa nini. Kuna Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 na makao yake yako Vwawa. Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko katika mkoa huo, uko Mkoa wa Mbeya. Kikokotoo kinachopima kutoka katikati ya mkoa kitakupeleka porini, tena kwa heshima zote, bila kukuonya.

Wanaopenda kuingiza latitudo na longitudo kwa mkono wana mitego yao miwili. Wa kwanza ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta, hivyo latitudo ya Songwe ni -8.92. Ukiisahau ile alama, uwanja unahamia mashariki ya Sudan Kusini, na safari ya kwenda Iringa inakuwa zaidi ya kilomita 1,850. Hilo utaliona haraka. Baya zaidi ni kuisahau alama kwenye viwanja vyote viwili: umbali unabaki ule ule, kila kitu kinaonekana sawa, ila ramani yako iko kaskazini ya ikweta na mwelekeo wa safari umepinduka. Mtego wa pili ni dakika za nyuzi. Vitabu vya usafiri wa anga huandika nyuzi 8 na dakika 55. Hiyo ni 8.92 kwa desimali, siyo 8.55. Anayeandika 8.55 anausogeza uwanja kilomita 41 kaskazini.

Halafu vipimo. Vikokotoo vya Kimarekani huanza na maili za nchi kavu (kilomita 1.609), na vile vya marubani huanza na maili za baharini (kilomita 1.852). Songwe–Iringa ni maili 190 za nchi kavu na 165 za baharini. Mtu akikuambia "ni maili 165 tu" nawe ukazidisha kwa 1.6, umepoteza kilomita 40 na hukujua.

Kati ya zana tulizozipima, Great Circle Mapper ndiyo tunayoipendekeza kwa umbali. Haina urembo. Unaandika HTGW-HTIR, unachagua kilomita, basi. Jibu lake kuu ni umbali na mwelekeo, na haikubembelezi ununue chochote. Udhaifu wake ni kwamba ramani yake haikuambii milima ina kimo gani, na huku kwetu milima ndiyo habari yenyewe. Kwa hilo fungua Google Earth, chukua rula yake, chora mstari kutoka mwisho wa njia ya kurukia hadi mwisho wa nyingine, kisha tazama kilichopo chini. Inakula data, kwa hiyo ifungue penye mtandao wa maana.

Mstari ulionyooka na Kilele cha Mbeya

Chora huo mstari wa Songwe–Iringa na utaona kwa nini hakuna rubani anayeufuata kama ulivyo. Unatoka Songwe kuelekea kaskazini-mashariki na kukatiza moja kwa moja safu ya milima ya Mbeya, ukipita kilomita chache tu kusini ya Kilele cha Mbeya chenye mita 2,834. Njia ya kurukia ya Songwe iko mita 1,345 juu ya usawa wa bahari. Kutoka uwanjani hadi mlimani ni kilomita 12 au 13 hivi.

Chukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kama 12, ambayo ndiyo kazi yake kwenye viwanja vidogo vya nchi hii. Ikiwa imejaa, inapanda futi 800 au 900 kwa dakika, na wakati inapanda inakwenda kama kilomita 185 kwa saa. Kilomita 12 ni dakika nne. Kwa dakika nne itakuwa imepata mita elfu moja na kidogo, yaani iko kwenye mita 2,400. Mlima uko 2,834. Na kanuni ya kuruka kwa vyombo (yaani bila kutegemea macho) kwenye eneo la milima inataka futi 2,000, yaani mita 600 hivi, za nafasi juu ya kilele. Kwa hiyo rubani anapanda kwanza juu ya bonde, anazunguka au anaupita mlima pembeni, ndipo anashika njia ya Usangu. Hizo ni dakika ambazo hakuna kikokotoo kinachozihesabu, maana kikokotoo kinadhani dunia imepigwa pasi.

Songwe–Songea ni kali zaidi. Mstari unapita jirani ya Mlima Rungwe na Tukuyu, unagusa kichwa cha Ziwa Nyasa pale Matema, unafuata milima ya Livingstone, kisha Ludewa, hadi Songea. Kwenye karatasi ni kilomita 320 za kupendeza. Angani ni ziwa linalopumua mvuke na ukuta wa milima uliosimama papo hapo pembeni yake. Wingu la mchana la pale wanalijua hata wavuvi. Usishangae ndege ndogo ikizungukia upande wa Njombe.

Kuna pia wepesi wa hewa: hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi, na ndege hupanda kwa shida. Kwenye kimo cha Songwe, joto la kawaida la kitaalamu ni nyuzi 6 za sentigredi. Mchana wa nyuzi 25 ni nyuzi 19 zaidi ya hapo, na kila nyuzi moja inaongeza karibu futi 120 kwenye kimo ambacho ndege "inadhani" ipo. Songwe yenye futi 4,412 inakuwa kama uwanja wa futi 6,700 hivi. Songwe yenyewe haina shida kwa hilo, njia yake ya kurukia inazidi kilomita tatu. Tatizo linakuja kwenye viwanja vifupi na vya juu zaidi kama Njombe, ulio juu ya mita 1,900. Pale ndege ndogo hupunguza abiria, mafuta au mizigo. Ndiyo maana wenye Caravan wanang'ang'ania kilo 15 na begi laini lisilo na fremu, na mtu anayefika na sanduku gumu na gunia la viazi anaambiwa achague kimoja.

Dakika

Hapa ndipo huduma hizi zinapoanguka. Karibu zote zinagawa kilomita kwa mwendo mmoja, kama kilomita 800 kwa saa, mwendo wa ndege kubwa ya jeti. Baadhi zinaongeza dakika 30 za kupaa na kutua, baadhi haziongezi. Ndiyo chanzo cha zile 23 na 53 za mwanzo: kilomita 306 kwa 800 ni dakika 23, na ukiongeza 30 unapata 53. Hakuna aliyeipima safari hiyo kwa saa ya mkononi.

Badilisha mwendo kulingana na ndege. Caravan weka kilomita 290 kwa saa. ATR 72 weka 480. Dash 8 Q400, ile ya pangaboi ya Air Tanzania, weka 620. Airbus A220 weka 800. Gawa kilomita kwa mwendo, zidisha kwa 60, kisha ongeza dakika 15 kwa Caravan na 20 kwa hizo kubwa, kwa ajili ya kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua.

Jaribu Songwe–Dar es Salaam. A220: dakika 52 na 20, yaani saa 1 na dakika 12. Q400: 67 na 20, saa 1 na dakika 27. ATR: saa 1 na dakika 46. Kikokotoo cha "gawa kwa 800, ongeza 30" kinatoa saa 1 na dakika 22, ambayo imeangukia katikati. Ndiyo zile 3 tulizokipa.

Sasa Songwe–Iringa kwa Caravan: dakika 63 na 15, yaani saa 1 na dakika 18, kabla ya kuuzunguka mlima. Kikokotoo cha dakika 23 kimekosea kwa zaidi ya mara tatu. Songwe–Songea kwa Caravan ni saa 1 na dakika 21, na rubani mwenye busara atapanga zaidi ya hapo.

Upepo nao una sauti, hasa kwa ndege ndogo. Huku juu upepo mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, unakaza. Ndege inayokwenda Iringa au Dar inaukabili, inayorudi Songwe inasukumwa. Caravan ya mwendo wa maili 160 za baharini kwa saa, ikipigwa upepo wa 15 usoni, inabaki na 145: maili 165 za Iringa zinachukua dakika 68. Kurudi inapata 175 na kutumia dakika 57. Tofauti ya dakika 11 kwenye njia moja, siku moja, ndege ile ile. Kikokotoo kinakupa namba moja kwa kwenda na kurudi.

Ukitaka muda halisi wa njia yenye ndege za ratiba, acha vikokotoo na uangalie historia ya safari yenyewe kwenye Flightradar24. Bila kulipa unaona siku saba zilizopita: ilipaswa kuondoka lini, iliondoka lini, ilitua lini. Siku saba zinatosha kukuonyesha kama ndege ya asubuhi ina tabia ya kuchelewa. Kasoro yake ni kwamba inategemea vipokezi vya ardhini. Ndege ikishuka nyuma ya milima na hakuna kipokezi karibu, mstari unakatika kabla ya kutua. Mstari uliokatika juu ya Makambako usikupe presha.

Na kuna kitu ambacho hakuna zana hata moja kati ya hizi inayokiona: ukungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, bonde la Songwe linaweza kuamka limefunikwa, na ndege ya alfajiri ikazunguka juu ikisubiri, au ikarudi Dar es Salaam na abiria wake wote. Ukiwa na mkutano wa saa nne asubuhi mjini Mbeya katika miezi hiyo, ndege ya siku iliyotangulia ndiyo ya kukata.

Jibu lipo, ndege je?

Kikokotoo kitakujibu kwa jozi yoyote, iwe ina ndege au haina. Songwe–Njombe, Iringa–Songea, Sumbawanga–Songea, zote zina "muda wa safari" mzuri wenye rangi. Kabla ya kuupanga mwezi wako, fungua ratiba ya shirika na uone kama kuna ndege ya moja kwa moja siku unayoitaka. Kama hakuna, njia ya anga inapitia Dar es Salaam, na hapo kilomita zinageuka kichekesho: Songwe–Dar–Iringa ni 1,083 badala ya 306, na Songwe–Dar–Songea ni 1,272 badala ya 320.

Weka saa zake kwenye mizani. Kutoka Mbeya mjini hadi Songwe unapita Iyunga, unashuka Iwambi, unavuka Mbalizi, kwenye barabara ile ile ya malori ya Tunduma, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeiongezea vumbi na michepuko. Barabara ikiwa tupu ni dakika 50, ikikwama ni saa moja na nusu, na lori moja likilala Iwambi hakuna hesabu. Uwanjani saa moja na nusu. Ndege ya kwenda Dar saa 1 na dakika 12 hadi 46. Kuunganisha Dar es Salaam saa mbili hadi tano, na kumbuka majengo ya abiria pale Julius Nyerere hayako chini ya paa moja: ndege ndogo zina la kwao, za ndani kubwa lingine, na kutoka moja kwenda jingine unahitaji usafiri. Kisha Dar–Nduli, saa moja kwa Q400 au saa 1 na dakika 36 kwa Caravan. Nduli hadi mjini nusu saa. Jumla ni saa 7 zikienda vizuri, karibu 12 zikienda vibaya.

Basi la Mbeya–Iringa linakwenda kilomita 330 hivi. Kikomo chake ni 80 kwa saa, na kila kijiji kina kibao cha 50, kwa hiyo wastani ni 55 hadi 60, yaani saa tano na nusu hadi sita. Linashinda, na bei hata tusiizungumzie. Yule anayepanda ndege mbili ili atoke Mbeya aende Iringa awe na sababu nyingine, kwa mfano shughuli za Dar es Salaam katikati ya safari.

Songea ni kesi tofauti. Kwa barabara ni kilomita 465 hivi kupitia Makambako na Njombe, saa nane na nusu au tisa za kona. Kupitia Dar kwa ndege, zikiunganika siku hiyo hiyo, unaweza kufika kwa saa saba na nusu. Zisipounganika unalala Dar, na basi limeshakushinda kwa usiku mzima. Kwa hiyo kwa Songea usianze na umbali wala bei. Anza na siku: tafuta siku ambayo ndege ya Songwe inafika Dar angalau saa mbili kabla ya ndege ya Songea kuondoka, na zote mbili ziwe kwenye tiketi moja. Ukikata tiketi mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili ni hasara yako.

Sumbawanga tuiseme haraka. Mstari wa kilomita 212 unakatiza Bonde la Rukwa, na barabara kupitia Tunduma ni kama 325 za lami. Panda gari.

Kwa wanaokodi ndege (hospitali, kampuni, watalii wa Ruaha) namba ya kikokotoo ina hatari ya aina yake. Unaona 306, unaona saa moja na robo, unazidisha kwa bei ya saa, unafurahi. Bei ya kukodi inahesabiwa tangu ndege inapotoka nyumbani hadi inaporudi. Kama nyumbani kwake ni Dar es Salaam, inaruka 692 tupu kuja Songwe, 306 nawe, na 391 tupu kurudi kutoka Iringa: jumla kilomita 1,389, na kwa Caravan ni saa tano na nusu za kulipia. Swali la kwanza kwa mwenye ndege liwe "ndege iko wapi sasa hivi?", kwa sababu ikiwa tayari iko Iringa au kwenye viwanja vya Ruaha, hesabu inashuka sana.

Saa

Vikokotoo vinaandika muda wa safari kama 1:25, na ratiba inaandika kuondoka 06:15. Ya kwanza ni saa moja na dakika 25 za kukaa angani. Ya pili ni saa kumi na mbili na robo asubuhi kwa saa zetu. Ikiandikwa 13:40 ni saa saba na dakika 40 mchana. Watu wamewahi kufika uwanjani saa saba kwa ndege ya 07:00, wakiwa wamevaa vizuri kabisa. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie kwa maneno: "saa moja asubuhi".

Baadhi ya vikokotoo vina kipengele cha tofauti ya majira. Ndani ya Tanzania kipuuze, nchi nzima ina saa moja. Lakini Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojirekebisha saa yenyewe, ikilala Tunduma au Kasumulu na kunasa mnara wa jirani, inarudi nyuma kwa saa nzima bila kukuambia. Kengele uliyoiweka saa kumi alfajiri italia saa kumi na moja, na ukifika Songwe kaunta imefungwa. Kabla ya kulala mpakani, ingia kwenye mipangilio ya saa, zima kujirekebisha, na uweke Dar es Salaam kwa mkono.